Kucha za Mkono wa Kulia

Posa ya Mwishehe ilikwisha kataliwa mara moja, na ikikataliwa mara ya pili hakuna ya tatu. Hilo walilijua wote, toka mjomba wake Mzee Jabiri hadi mafundi wenzake wa Keko waliokuwa wakimtania nalo kutwa. Lakini Jumapili ile mchana aliyelihofia kuliko bwana harusi mtarajiwa mwenyewe ni Leodegar, mwalimu wake wa gitaa. Tangu atoke misa alikuwa hakai hasimami. Mkewe Demetria alimtazama akifunga tai na kuifungua, mwishowe akamwambia, "Baba, hukunichumbia hivyo hata mie."

Maana sababu ya kukataliwa ilikuwa yeye mwalimu. Mzee Marijani wa Mtoni, baba wa Mwanaasha, binti aliyeposwa, hakuona ila katika ukoo wa Mwishehe wala katika kazi yake. Seremala mzuri hakosi mchuzi. Aliloliona ni gitaa. Alisema hivi, na maneno yakafika Temeke kabla jua halijazama: "Kijana wa Kiislamu anayekwenda kila Jumapili kwa Mkristo kupiga gitaa, anafuata nini huko kama si kunywa tembo?" Nani amlaumu? Enzi hizo za Mwingereza, ukitaja gitaa umetaja dansi, na ukitaja dansi, mzee mwenye binti anafunga mlango. Nenda wewe ukamweleze kwamba kuna gitaa la namna nyingine, la nyuzi za utumbo, mtu analipiga ameketi wima, mguu mmoja juu ya kigoda, na hakuna anayenyanyuka kucheza.

Mzee Jabiri alibembeleza wiki nzima, hadi Mzee Marijani akalegeza kidogo. Mleteni huyo mwalimu, alisema, na chombo chake, tumwone kwa macho. Akaongeza kwamba kuna mwenye duka mmoja naye keshatuma watu kuposa, kwa hiyo wasichelewe.

Sasa mjue huyu mwalimu ni mtu wa aina gani. Leodegar alikuwa Mhaya, karani wa ofisi moja ya mizigo kule Kurasini, na gitaa alifundishwa seminari na padri mmoja mzee kabla hajagundua kwamba upadri si wake. Padri alimfundisha kwa sheria moja isiyojadiliwa: kucha za mkono wa kulia zifugwe, zipigwe msasa, zilindwe. Bila kucha, uzi hausemi. Leodegar aliipokea sheria ile kama Amri ya Kumi na Moja na akawabebesha wanafunzi wake. Alikuja Wilbert, mpishi wa Wazungu. Mama wa nyumba akamwambia akate kucha au aache jiko, na Leodegar akamtakia kazi njema. Alikuja Sesilia, mkunga, mwenye sikio zuri ajabu. Mkunga afuge kucha! Naye akaonyeshwa mlango. Hodi zikapungua, na Leodegar akajisemea kwamba watu hawana moyo wa kujifunza.

Alibaki Mwishehe peke yake. Huyo alifuga kucha akiwa seremala, jambo ambalo hata punda angelicheka. Alijishonea vikofia vya ngozi akavivika vidoleni, akapiga randa navyo huku wenzake wakimwita bibi harusi. Kucha ikikatika alikuja Jumapili kichwa chini, kama aliyevunja chungu cha watu. Leodegar alikuwa mkali kwake, lakini usiku alimwambia Demetria, "Huyu ndiye niliyekuwa namngoja." Alimpenda yule kijana, basi tu hajui kumwambia. Ndiyo maana siku ile tai ilimshinda.

Walikutana njia panda: Mzee Jabiri ndani ya kanzu iliyopigwa pasi, na Mwishehe nyuma yake. Leodegar aliona mara moja kwamba mkono wa kulia wa Mwishehe umefungwa kitambaa cheupe, vidole vyote ndani.

"Umepatwa na nini?"

"Patasi, Mwalimu."

"Lini?"

"Jana."

Jana jioni Mwishehe alikuwa sebuleni kwa Leodegar, Temeke, akifanya mazoezi mpaka giza likaingia, na mkono ule ulikuwa mzima. Leodegar alifungua kinywa. Lakini Mzee Jabiri alikuwa akiwatazama, kwa hiyo Leodegar akaliweka swali. Njia nzima ya Mtoni alikwenda amebeba gitaa na swali moja, na swali ndilo lililokuwa zito. Kijana anaficha nini? Kapigana? Kaiba? Leo, siku ya leo?

Kwa Mzee Marijani walipokewa vizuri. Wazee watano waliketi mkekani barazani, shikamoo zikatolewa na marahaba zikarudi. Pazia la mlango wa ndani likatikisika, maana wanawake nao wana masikio. Mzee Marijani alikuwa mtu mwembamba, mpole wa sauti, na upole huo ulimtisha Leodegar kuliko ukali.

"Mwalimu, mkishaketi na hilo gitaa, huwa mnakunywa nini?"

"Chai, mzee."

"Na nani huwa yupo?"

"Mke wangu. Lakini yeye anasema tunamchosha."

Mzee mmoja akacheka. Mzee Marijani akatabasamu kidogo, na Leodegar akaanza kupumua. Aliulizwa kuhusu kazi, kuhusu kwao, kuhusu watoto, akajibu kila jambo vizuri. Mzee Jabiri akamkonyeza kwamba mambo yananyooka.

"Haya, tule kwanza," alisema Mzee Marijani. "Mwalimu, wewe sogea hapa sinia moja nami."

Ilikuwa heshima kubwa. Miaka yote aliyokaa Dar es Salaam, kila alipoalikwa na Waswahili Leodegar alitengewa sahani yake na kijiko kama mgeni, na nyumbani kwake alikula kwa kijiko kwa mazoea ya seminari. Hakuwahi kuketi kwenye sinia la watu. Likaja birika na beseni. Akanyoosha mkono wa kulia ili amwagiwe maji.

Maji yakakatika. Mwenye birika alikuwa ameuona mkono, akageuza macho kumtazama Mzee Marijani. Ndipo Leodegar naye alipoutazama mkono wake kwa mara ya kwanza kama wanavyoutazama wao. Kucha ndefu, zimechongwa, zinang'aa, na ndio mkono huohuo unaotaka kuingia kwenye pilau la watu wote. Watu hawa hukata kucha kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini. Watoto wao hukaguliwa chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, wakapigwa fimbo za vidole. Leodegar aliona haya mpaka masikio yakawaka.

Na palepale akakielewa kitambaa. Mwishehe alijua. Alijua tangu jana kwamba mkono ule hauwezi kuonekana hapa, na bado hakuzikata kucha, kwa sababu mwalimu wake alikwisha mwambia kwa kinywa chake: siku utakayozikata, usirudi kwangu.

"Mleteeni mgeni kijiko," alisema Mzee Marijani kwa upole. Kijiko kikaja juu ya sahani yake peke yake, na sahani ikawekwa kando ya sinia. Mzee Jabiri akainamisha macho akahesabu miraba ya mkeka. Huko ni kukataliwa kistaarabu, kila mtu aliona.

Kisha mzee akamgeukia kijana. "Na wewe, mkono umefanyaje?"

"Patasi, mzee."

"Pole sana. Lakini kwangu hapaliwi kwa mkono wa kushoto." Akafinyanga tonge, akalitia mnofu, akamlisha kwa mkono wake mwenyewe, kama unavyomlisha mtoto aliyetoka jandoni. Mwishehe akafungua kinywa. Machozi yalimlenga, na wazee wakadhani ni maumivu. Likafuata tonge la pili. "Kula, mwanangu. Tukimaliza nitalifungua hilo jeraha nilitazame. Mie nina dawa ya mizizi. Kidonda cha patasi ukikizembea kinaoza."

Mwishehe alimtazama mwalimu wake ng'ambo ya sinia. Leodegar alimfahamu yule kijana vya kutosha kujua mtazamo ule ni wa nini. Alikuwa anaomba ruhusa.

Ee Mungu wangu. Njia ya mwongo ni fupi, na hii ilikuwa imebakiza sinia moja. Kitambaa kikifunguliwa na mzee, posa imekufa, na Mwishehe ataitwa mwongo Mtoni nzima, aliyelishwa kwa mkono wa mkwe huku anamdanganya. Leodegar akiongea, je, si anaizika yeye? Akaweka kijiko chini.

"Mzee, naomba wembe."

Wote wakaacha kula.

"Mkono huo hauna jeraha. Una kucha kama hizi zangu. Mie ndiye niliyemwambia akizikata sitamfundisha tena. Uongo aliousema, mzigo wake ni wangu."

Mwishehe, bila kuambiwa, akaanza kukifungua kitambaa kwa meno na mkono wa kushoto, na kucha zikatoka.

"Kwa nini kucha?" aliuliza Mzee Marijani.

"Ndivyo nilivyofundishwa."

"Na aliyekufundisha?"

"Naye alifundishwa hivyo."

"Na bila kucha, gitaa halilii?"

Leodegar akautazama mkono wake. "Sijui, mzee. Sijawahi kujaribu."

Alipojisikia akisema hivyo alitamani ardhi impasukie. Mtu mzima, mwalimu, amewafukuza watu kwa jambo ambalo hakulijaribu hata siku moja.

Wembe ukaletwa. Walikwenda nyuma ya nyumba, mwalimu na mwanafunzi, wakachutama kila mtu na mkono wake. Leodegar akajikata ngozi. Kucha zikakusanywa kwenye karatasi zikafukiwa, maana kucha za mtu haziachwi ovyo. Waliporudi walimwagiwa maji, kijiko kikaondolewa, wakala pamoja na wenzao. Leodegar hakuonja ladha ya chochote.

"Sasa tusikie," alisema Mzee Marijani baada ya kahawa. "Mwalimu kwanza."

Leodegar akaweka mguu juu ya kigoda, akashika gitaa alilolishika maisha yake yote, akadonoa. Kidole kikapita hewani. Uzi haukuwa pale ulipokuwa. Ule urefu wa kucha ndio uliokuwa ukiufikia. Akajaribu tena, ukatoka mlio mfu, wa kugonga mbao. Akaanza upya. Akakwama tena. Nyuma ya pazia wanawake walinong'onezana.

"Ndiyo hiyo inayompeleka kijana Temeke kila Jumapili?" aliuliza mzee mmoja, na hakuwa anatania.

Mzee Jabiri aliguna. Leodegar akampa Mwishehe gitaa bila kumtazama, kwa sababu hakuwa na kingine cha kumpa.

Mwishehe naye alikosea. Akadonoa mara ya kwanza, patupu. Kisha akaacha kabisa, akapangusa vidole kwenye kanzu, akaulaza mkono chini zaidi ya vile alivyofundishwa. Safari hii hakuudonoa uzi. Aliugusa kwanza kwa nyama ya kidole, akaukandamiza taratibu, kama fundi anayepapasa ubao kuona kama randa imeupitia sawasawa, ndipo akauachia. Sauti ikatoka. Ilikuwa ndogo, nene, ya chini, na Leodegar hakuwahi kuisikia kwenye gitaa lake. Mzee mmoja akaweka kikombe chini ili aisikie vizuri. Mwishehe akaupiga wimbo wote polepole, akateleza hapa na pale, uso umemkauka kwa hofu, hadi akafika mwisho.

Mzee Marijani akageuka kuutazama ua wa nyumba yake.

"Sauti hii haivuki ua," alisema.

"Haivuki, mzee," alijibu Leodegar.

"Mcheza dansi hawezi kuisikia akiwa barabarani."

"Hawezi."

"Kijana, umekula mkononi mwangu na uongo mdomoni. Hilo sitalisahau. Leo mwalimu wako kaomba wembe. Ukija kumdanganya binti yangu, hatakuwapo wa kuomba wembe."

"Nimeelewa, baba," alisema Mwishehe. Neno baba lilimtoka kabla ya ruhusa.

Mzee Marijani akalipima neno lile, akaliacha lipite. "Jabiri, sogea. Tuzungumze mahari."

Kigelegele kimoja kikachomoka nyuma ya pazia, kikazibwa na mkono wa mtu. Wazee wakasogeleana, Mzee Jabiri akakohoa kusafisha koo, na mazungumzo makubwa ya maisha ya Mwishehe yakaanza. Kijana aliketi wima, macho mbele, kama inavyompasa.

Leodegar maneno yao hayakumwingia hata moja. Hofu ya posa ilikwisha mtoka, na mahali pake ikaingia nyingine, baridi zaidi: kwamba hajui tena kupiga gitaa. Alikuwa akisugua ncha za vidole vyake zilizokuwa tupu, akitafuta uzi juu ya goti lake asiupate. Mwishowe akamvuta Mwishehe ukingo wa kanzu.

"Kile kidole," alinong'ona, "ulikilaza vipi?"

Mzee Jabiri alikuwa ndio kwanza anataja mahari. Mwishehe hakugeuka. Alishusha mkono wake chini, wazee wasiuone, akaushika mkono wa mwalimu wake, akakilaza kidole cha kwanza gotini, kisha cha pili, akavikandamiza taratibu na kuviachia.

"Tena," alinong'ona Leodegar.