Nyoka Aliyehamisha Mto

"Mto huu nikiuita unaitika," Bibi Mwanamvua alijisifu kila alipopata wa kumsikiliza pale Mbwawa. Halafu akacheka kabla yao: "Ila mara ya mwisho nilipouita, ulikuja ukanichukulia kandambili zote mbili."

Wenyewe ulikuwa kijito tu, hata mbuzi aliuruka. Ulipita nyuma ya shamba lake, ukakunja kona, ukashukia bustani ya Hajira, jirani aliyeishi kwa kuuza mchicha Visiga. Kona ile ilimkera bibi. Maji yapite mgongoni kwake, yakanyweshe mchicha wa mwenziwe!

Basi Hajira alipokwenda msibani, Mwanamvua akashika jembe. Akachimba mfereji wa kuyaleta maji kwake, akaziba mkondo wa zamani kwa tuta. Tuta likataka kuporomoka. Akachukua mashina ya muhogo wake wa vikonyo vyekundu, mbegu ya mamake wa Kisarawe, ambayo hajampa mtu hata pingili. Yalikuwa yamekauka, akayaona kuni tu. Akayakita safu kwa safu, tuta likashika.

Hajira aliporudi alikuta mchanga mtupu.

"Shikamoo bibi. Maji yamekwenda wapi?"

"Marahaba mwanangu. Nyoka wa mto kahama. Nimemsikia kwa masikio yangu anaburura tumbo. Anakolala yeye, na mto uko huko."

Uongo ulimtoka laini kama mlenda. Alitegemea Hajira atabisha, wazozane, yaishe. Lakini Hajira alikaa chini pu.

"Basi ni mimi, bibi. Nilifulia nepi mtoni. Nimemuudhi."

Tangu hapo Hajira alibeba ndoo kutoka mbali, mchicha ukanyauka, na bado kila akipika uji alimletea bibi bakuli lake. Mwanamvua aliunywa kajiinamia. Alitaka kusema kweli, lakini akifungua kinywa, unatoka mzaha.

Mvua za kwanza zilipopita, Hajira akaja na sinia la ubwabwa na kuku wake wa mwisho.

"Sadaka ya kumtaka radhi. Nipeleke pale mto ulipokata, bibi. Wewe ndiye unamjua."

"Miguu yangu leo, mwanangu, imegoma kama punda wa kukodi."

"Nitakushika mkono."

Akamshika kweli. Kiganja kilikuwa kigumu, kimechubuka kwa ndoo, na njia nzima bibi alitamani ardhi immeze.

Walipofika, Hajira akasimama ghafla. Juu ya tuta, safu kwa safu, muhogo ulikuwa umechipua, majani mabichi yanameremeta, vikonyo vyekundu.

"Nyoka huyu naye," bibi akaanza, "ana mambo yake..."

Hajira aliweka sinia chini taratibu. Wala hakupaza sauti.

"Bibi, huyo nyoka alikuomba lini mbegu? Maana mimi ulininyima."