Sentimita Moja ni Kilomita Mbili

Shule ilikuwa imechelewa. Ndivyo Fundi alivyoona: shule nzima, pamoja na bati lake la kijani na uwanja wake wenye goli moja, ilikuwa imechelewa kufika mahali pake kwa kilomita tano. Kwa hesabu ya ramani, wangeikuta baada ya kilomita kumi na mbili kutoka kivukoni. Mita ya gari ilisema kumi na saba. Fundi aliitazama mita, akaitazama ramani, akavua miwani na kuifuta kwa upindo wa gauni lake, kisha akaivaa tena. Shule haikurudi nyuma.

"Mita ya shemeji yako mbovu," alimwambia mwenzake.

"Inawezekana," alisema Mama Kopi, akabadilisha gia.

Gari lenyewe halikuwa la kutetewa. Shemeji yake Mama Kopi alikuwa amewaazima kwa moyo mweupe, lakini dirisha moja lilikuwa halipandi, mshale wa mafuta ulikufa zamani, na kiti cha nyuma kilikuwa kimeng'olewa ili apakie mabati. Hapo palipong'olewa kiti ndipo walipopanga kulala usiku mbili. Safari ilikuwa ya kubana matumizi, na kisiwa hakikuwa na nyumba ya wageni hata moja. Kilikuwa na mawe, majani mafupi, upepo usiojua kupumzika, na barabara moja ya changarawe inayokizunguka mpaka inarudi ilikoanzia. Walibeba mikate, mayai ya kuchemsha, chupa mbili za chai na mablanketi. Kivuko kiliwashusha Ijumaa mchana na kingewachukua Jumapili saa kumi jioni.

Walikuwa wanawake wa makamo waliokula miaka kumi na tisa ndani ya chumba kimoja. Upande wa dirishani palikuwa na cherehani ya Fundi, aliyeshona sare za shule. Upande wa mlangoni palikuwa na mashine ya kopi ya mwenzake, ambaye wateja walimwita Mama Kopi hata watoto wake wenyewe wakaliandika jina hilo kwenye simu zao. Sasa mwenye nyumba alitaka mkataba mpya wa miaka mitano, sahihi mbili, Jumatatu asubuhi. Fundi alikuwa tayari na kalamu. Mama Kopi kila akiulizwa alikuwa anakumbuka kitu jikoni.

Mwishowe alisema, "Twende tukazunguke kile kisiwa unachokitaja kila mwaka. Tukimaliza mzunguko nitakujibu."

Fundi ana mkono wa birika, na hilo halijawahi kuwa siri. Kabla ya kukubali alitaka kujua mzunguko una urefu gani, maana petroli ya kisiwani huuzwa kivukoni tu. Ofisi ya kivuko ilikuwa na ramani kubwa ukutani. Mama Kopi alimbembeleza karani, akaiazima, akaitoa kopi. Chini yake paliandikwa: sentimita moja ni kilomita mbili. Basi Fundi aliitandika kopi juu ya meza ya kukatia, akalaza uzi juu ya barabara, kona kwa kona, huku anaushika kwa pini, kisha akaunyoosha kwenye futi. Sentimita arobaini na mbili. Kilomita themanini na nne. Wakanunua petroli ya kilomita mia, na Fundi akajiona mkarimu kupita kiasi.

Mnara wa simu nao ulichelewa. Ulitakiwa kilomita ya thelathini, wakaukuta ya arobaini na mbili. Moyoni Fundi alianza kuumia, kwa sababu mita ya gari inaweza kudanganya, lakini mita ya gari haiwezi kudanganya jua. Jua lilikuwa linashuka, na wao walikuwa hawajafika hata pale alipopanga wakae wale mayai.

Kitu kingine kilichomchanganya ni maneno ya mwenzake. Watu huenda matembezi wakazungumza habari za watu. Mama Kopi alizungumza habari za mashine.

"Karatasi ikikwama, usivute kwa nguvu," alisema walipokuwa wanapita kati ya mawe mawili makubwa. "Fungua kwanza mlango wa pembeni."

"Nivute mimi kwa nini? Si upo wewe?"

"Nasema tu. Na wino ukiisha, katriji mpya itikise mara tano. Usiitikise kama unapepeta mchele."

"Mwenzangu, tumekuja kutazama kisiwa au tumekuja kufanya mtihani?"

Mama Kopi alicheka, lakini kicheko chenyewe kilikatika njiani.

Jumamosi asubuhi Fundi alitandika ramani juu ya boneti, akaikandamiza kwa mawe na mayai mawili, akapima upya. Arobaini na mbili. Alipima tena kuanzia upande wa pili, kama mtu anayemhoji shahidi muongo. Arobaini na mbili. Hapo ndipo wasiwasi ulipomwingia sawasawa. Mwezi uliopita mzazi mmoja alirudisha suruali akidai ni fupi, na Fundi akamjia juu kwamba mtoto ndiye aliyerefuka wiki hiyo. Sasa alijiuliza. Macho yalikuwa yamechoka? Mkono umeanza kumsaliti? Mkono ukienda, amekwisha, maana hana kazi nyingine anayoijua duniani.

"Simama hapa," alimwambia Mama Kopi.

"Nimefanya nini?"

"Geuka."

Alimpima mabega, pale pale barabarani, upepo unawapepesusha wote wawili. Mabega ya Mama Kopi aliyajua kwa moyo. Alikuwa amemshonea magauni ya harusi tatu za watoto na la msiba wa mume. Futi ilisema arobaini na moja, kama ilivyosema siku zote.

"Futi ni nzima," alisema Fundi, na sauti yake ilikuwa imepungua. "Uzi mzima. Mabega yako mazima. Basi ni mimi, Kopi. Mimi ndiye nimeharibika."

Mama Kopi hakugeuka. Alikuwa anatazama baharini, na mabega yale ya arobaini na moja yalipanda kidogo yakashuka.

"Hujaharibika," alisema. "Ingia garini, chai inapoa."

Daraja lililotakiwa kilomita ya hamsini walilivuka mita inasoma sabini na moja. Fundi hakuitazama ramani tena siku hiyo. Aliikunja akaikalia. Alikula mkate wake, na kila mwenzake alipomwonyesha kitu, mbuzi juu ya jabali, kibanda cha mawe kisicho na paa, alijibu "naona" kwa sauti ya mtu asiyeona chochote. Kichwa kilimzunguka. Kama hajui kupima, kwa nini aweke sahihi ya miaka mitano? Na yule naye, mbona hasemi atasaini au hatasaini?

Jumapili asubuhi gari lilikohoa mara mbili, likatembea kidogo kwa heshima, likasimama. Mita ilisoma mia na moja. Mbele kulikuwa na barabara. Nyuma kulikuwa na barabara hiyo hiyo.

"Tumemaliza petroli ya kilomita mia kwenye kisiwa cha kilomita themanini na nne," alisema Fundi. "Nieleze."

Kwa bahati, au kwa bahati mbaya, likatokea gari la mikate. Dereva wake alikuwa mtu mnene mchangamfu mwenye unga mpaka kwenye nyusi, na hakuhitaji kuelezwa lililowakuta. Alitoa mpira, akafyonza petroli kutoka tangi lake, akatema mate, akawajazia dumu la lita tano.

"Baba, hapa mpaka kivukoni ni mbali?" aliuliza Fundi.

"Kumi na nane."

"Umejuaje?"

"Mama, mimi naizunguka barabara hii kila siku ya Mungu. Mia na kumi na tisa, toka mlango wa kivuko mpaka mlango wa kivuko. Haijawahi kupungua hata siku niliyooa."

Alikataa malipo, akawaachia mkate mmoja wa moto, akaondoka. Fundi alibaki amesimama na mkate mkononi. Mia na kumi na tisa. Aliitoa ramani alikoikalia, akaikunjua, na kwa mara ya kwanza hakuitazama barabara bali karatasi yenyewe. Upande wa kulia na upande wa chini ulikuwa na mstari wa kijivu, mwembamba, kama uchafu wa ukucha. Fundi aliujua mstari ule. Aliuona kila mwanzo wa mwaka kwenye michoro ya kola na mifuko aliyompa Mama Kopi aifanye midogo. Mashine ile, ukiiamuru ipunguze, huacha uchafu pembeni.

"Umeipunguza," alisema.

Mama Kopi aliegemea mlango wa gari. "Asilimia sabini na moja. Ilikuwa haiingii kwenye karatasi moja."

"Na yale maandishi ya chini, sentimita moja ni kilomita mbili, ukayaacha vilevile."

"Nilisahau, Fundi. Naapa nilisahau. Tulipoikuta ile shule ndipo nikakumbuka."

"Ijumaa!"

"Ijumaa."

Hasira ilimpanda Fundi kutoka miguuni. "Umeniona napima ramani na kuipima tena! Umeniacha nikupime mabega barabarani kama mwendawazimu, nasema nimeharibika, na wewe unajua! Siku mbili, Kopi! Nimelala nalia ndani ya blanketi nikidhani mikono yangu imekufa!"

"Nilikusikia."

"Ukanyamaza?"

"Nikanyamaza." Mama Kopi alikuwa analia sasa, bila kujifuta. "Ningekwambia, ungehesabu petroli, ungesema tugeuze gari, na wewe ukishahesabu hakuna wa kukubishia. Nilipogundua njia ni ndefu kuliko tulivyodhani, nilifurahi. Nilisema, nimeongezewa kilomita thelathini na tano. Labda humo ndani nitapata namna ya kukwambia."

"Kuniambia nini?"

Lakini alikuwa ameshajua. Katriji itikise mara tano. Fungua kwanza mlango wa pembeni. Yote yalimrudia kwa mpangilio, na mkate wa moto ulikuwa unamuunguza viganja naye hakuuweka chini.

"Binti yangu amepata mapacha," alisema Mama Kopi. "Hawezi peke yake. Ameniandalia chumba. Si kwenda kusalimia, Fundi. Ni kwenda. Naondoka Jumatano. Mashine nakuachia wewe."

"Sijui kuitumia."

"Nimekufundisha."

Fundi alitaka kusema maneno makali, na alikuwa nayo mengi, yamepangwa. Badala yake aliumega mkate, akampa mwenzake kipande kikubwa, akabaki na kidogo. Wakala wamesimama, mgongo upande wa upepo. Baadaye wakajaza petroli, na Mama Kopi akaziendesha zile kilomita kumi na nane polepole sana, na Fundi, ambaye kwa kawaida humhimiza, hakumhimiza. Walifika kivukoni mita inasoma mia na kumi na tisa, bila ya pungufu wala ziada.

"Tumemaliza mzunguko," alisema Mama Kopi. "Jibu langu ni hapana."

"Nimesikia," alisema Fundi. "Lakini la mabega sijakusamehe bado."

"Lini?"

"Nikiwa tayari nitapiga simu."

Jumatatu Fundi alisaini mkataba peke yake. Mama Kopi aliweka sahihi pale palipoandikwa shahidi.

Alhamisi mchana, mwalimu mmoja alikuja na mitihani ya kurudufu. Fundi alimwambia asubiri kidogo, kwanza anaijaribu mashine. Aliiweka ile ramani kiooni, yenye matundu ya pini kona kwa kona, akabonyeza asilimia mia na arobaini na moja ili kisiwa kirudi kimo chake, akatia karatasi kubwa. Mashine ilinguruma, ikatoa nusu ya kisiwa, ikakwama.

Mkono wake uliruka kuivuta karatasi. Ukasita hewani. Kisha Fundi akainama, akafungua kwanza mlango wa pembeni, na karatasi ikatoka yenyewe, nzima, haina hata mkunjo.

"Yule Mama Kopi amekwenda wapi?" aliuliza mwalimu.

"Mbali," alisema Fundi, bado ameinama, ili mwalimu asimwone uso. "Kilomita usiniulize."