Maji ya Kusuuzia

Thabiti mzamiaji alijivunia mambo mawili, pumzi zake na usafi wa vifaa vyake. La pumzi tumwachie. La usafi ndilo lililomponza.

Miaka ile bandari ya Mtwara ilikuwa na mzamiaji mmoja tu, ndiye huyo. Kamba ikijisokota kwenye pangaboi la meli ya korosho, aitwe Thabiti. Nanga ikipotea mdomoni mwa Ruvuma, aitwe Thabiti. Mzungu aliyemfundisha kazi alipofungasha kurudi kwao baada ya Uhuru, alimwachia mtungi wa hewa, kipumulio cha mdomoni, miwani, suti ya mpira, na onyo moja: chumvi ya bahari hula kila kitu, kwa hiyo kila ukitoka majini suuza kwa maji matamu, uanike kivulini. Na kwa kuwa stoo ya bandari ilikuwa ya mabati, joto lake la kuivisha mkate, Thabiti alivihamishia vyote nyumbani kwake Magomeni.

Huko hakuna aliyeruhusiwa kuvigusa. Akirudi safari hukuta beseni kubwa la bati limejaa maji uani. Huketi kwenye kibao, akalowesha kimoja kimoja, akatikisa, akapuliza, akafuta kwa kitambaa cha pamba. Mkewe Saumu akisogea kusaidia, huambiwa akae mbali, hizi si sufuria. Maji yametoka wapi, Thabiti hakuuliza. Kisima si kile pale, chini ya mpapai? Wako wanaume wakiona beseni limejaa hudhani limejijaza lenyewe.

Ugomvi ulianzia hapo. Siku moja bahari ilichafuka, akarudi mapema, akakuta mlango umefungwa na beseni halijafika hata nusu. Saumu alitokea magharibi inaadhiniwa, debe kichwani, khanga imelowa mabegani. Thabiti aliketi akasuuza vifaa vyake. Safari iliyofuata akarudi mapema kwa makusudi, akakuta vilevile. Wivu ukampanda, akasimama mlangoni kumngoja.

"Ulikuwa wapi?"

"Kuteka maji."

"Maji yako uani."

"Ya uani yana chumvi, bwana."

Thabiti alicheka. Nyumba ni yake, maji ya mtungini anayanywa kila siku, chai ya humo anainywa asubuhi na jioni, na hajawahi kuonja chumvi. Akaona anadanganywa, tena uongo wa kitoto. Akamuuliza huko ana nani. Saumu alimtazama tu, akalitua debe polepole, asijibu neno. Wapo watu wakidharauliwa hunyamaza, na Saumu alikuwa mmoja wao, lakini mumewe aliuhesabu ukimya ule kuwa ni kukiri. Akampa talaka moja palepale uani. Kesho yake Saumu alipanda lori kwenda kwao Kitaya.

Jirani yao, Bi Mwanaamina, alikuja kumsemesha. Alimkumbusha kwamba talaka moja ni mlango ulioegeshwa, haukufungwa, na kwamba eda ya Saumu haijaisha, neno moja la mume linatosha kumrudisha. Thabiti akasema mwenye kosa atarudi mwenyewe. Suala la maji Bi Mwanaamina hakuligusa. Nani angedhani mtu mzima hayajui maji anayoyanywa?

Basi akakaa peke yake. Hawakuwa wamejaliwa mtoto, na nyumba ikawa kubwa ghafla. Mtungi wa maji ulikauka, hakuujaza. Alikula na kunywa hotelini karibu na soko, akarudi usiku kulala. Aliona upweke, na hakumwambia mtu. Akioga, sabuni ilikataa kutoa povu, akamlaumu mwenye duka. Vifaa vyake aliendelea kuvitunza kama mboni ya jicho: alichota uani, akalowesha, akatikisa, akapuliza, akafuta. Wakati mwingine aligeuka kumwambia mtu akae mbali, kisha akakumbuka kuwa hakuna mtu. Miezi ikapita hivyo.

Siku moja yeye na msaidizi wake Hamisi walikwenda mdomoni mwa Ruvuma kutafuta mnyororo wa boya. Maji ya mto yalikuwa mazito kama uji. Thabiti alikuwa chini kabisa, mkono kwenye mnyororo, pumzi ilipoanza kuwa ngumu. Akavuta, ikaja kidogo. Akavuta tena, haikuja. Alitikisa kamba aliyofungwa kiunoni, na Hamisi, aliyekuwa juu kwenye mashua, akamvuta kwa nguvu zake zote. Alitoka akitapika maji.

Nyumbani alikifungua kipumulio. Ndani ya vali palikuwa na ukoko mweupe. Akaugusa kwa ulimi: chumvi. Akaapa kwamba safari hii atasuuza mara tatu, akateka ndoo ya uani, akamimina beseni likajaa. Kisha mkono ukasita. Akachota kwa kata, akanywa funda moja.

Yalikuwa na chumvi. Si kama ya baharini, lakini chumvi.

Alikwenda kwa Bi Mwanaamina na kata ingali mkononi, akamuuliza Saumu alikuwa akiteka wapi. Bi Mwanaamina akashangaa. Bondeni, akamwambia, nyuma ya mikorosho, wanakoteka wanawake wote wa mtaa huu. Ila wengine huteka ya kunywa tu, Saumu alikuwa akiongeza ya wewe kuogea, na madebe mawili ya kusuuzia hiyo mipira yako ya kuzamia.

Njia nzima ya Kitaya Thabiti alihesabu eda, na kila alivyohesabu ilikuwa imekwisha. Mjomba wa Saumu, Mzee Chande, alimpokea vizuri, akampa ugali na samaki wa mtoni, akamwambia kwamba sasa hakuna kurejea kwa neno la mume. Ni ndoa mpya, na anayeulizwa ni Saumu mwenyewe. Saumu akatoka, akaketi kwenye mkeka. Thabiti alimweleza yote, la vali na la funda moja, akamwomba radhi mbele ya mjomba, na machozi yakamtoka bila kuyaficha.

"Nimekusamehe," Saumu alisema. "Lakini nilikwambia, ukacheka. Nyumba ambayo nikichelewa naulizwa nina nani, siirudii. Maji yapo palepale, Thabiti. Kayateke."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

Alirudi Magomeni. Baada ya safari iliyofuata alivilaza vifaa kivulini, akachukua debe. Hakuwa na mzega, ule mti wa kubebea madebe begani, akajitwika kichwani, na wanawake kisimani wakampisha bila kumtania. Njia ilikuwa ndefu, yenye mchanga wa kuzamisha miguu. Alipotua debe la pili, magharibi ilikuwa imekwisha kuadhiniwa, na shati limelowa mabegani. Akasimama kidogo mlangoni. Hapakuwa na mtu wa kumuuliza alikuwa wapi.