Santuri ya Ntabaye

Kwa miaka kumi na miwili Hilali aliishi Kibondo akitazama vinywa vya watu. Alikuwa daktari wa meno, mtu wa Pangani aliyeletwa na barua ya uhamisho, na wengi waliomfahamu mjini walimfahamu wakiwa wamelala kwenye kiti chake, midomo wazi, hawawezi kumjibu. Wakishang'olewa jino walimshukuru kwa mkono na kwenda zao. Mkewe Rabia alikuja naye, akavumilia baridi ya misimu miwili ya mvua, kisha akarudi kwao kumuuguza mama yake. Mama alifariki, arobaini ikapita, na Rabia hakurejea. Hapakuwa na ugomvi wala talaka. Simu zilipungua tu, kama mvua za mwisho wa masika, hadi siku moja Hilali akatambua kwamba zimekatika kabisa.

Kilichobaki nyumbani kikawa gramafoni. Alikuwa nazo nne, zote za kuzungusha kwa mkono. Tatu kubwa, na moja ndogo ya kufunga kama sanduku la safari. Alizinunua kwa wastaafu, kwa watoto wa marehemu waliotaka kusafisha stoo, na kwa wauza vyuma chakavu wa Kasulu ambao kwao zilikuwa sawa na debe bovu. Alizitengeneza mwenyewe, akikwangua kutu kwa vifaa vya meno vilivyokwisha muda wake kazini. Mchana wa Jumamosi alifungua dirisha, akajaza springi, akashusha sindano. Alikuwa na santuri zaidi ya themanini, za taarabu, za dansi, za kwaya. Waimbaji karibu wote walikwisha kufa, lakini ndio waliokuwa wakizungumza katika nyumba ile.

Moja aliipenda kuliko zote. Aliikuta Kasulu ndani ya gunia la misumari iliyopinda, lebo imeliwa na mende, yakabaki maneno matatu: Kiha, Inanga, Muyama. Ilianza kwa kutatarika kama mafuta ya kukaangia, kisha ikaingia inanga, zeze pana la Waha lililochongwa mfano wa sinia la mti lenye meno ya nyuzi ncha zote mbili, na juu ya nyuzi zake mwanamume akinong'ona. Hakupaza sauti hata mara moja. Alinong'ona mbiombio, kama mtu aliyeinamia sikio la mwenzake.

Kiha cha Hilali kiliishia kwenye salamu. Aliwahi kuwasikilizisha wauguzi vijana, wakacheka. "Dokta, hicho cha mababu. Sisi tunapata neno moja moja." Basi akajiamulia mwenyewe kwamba huyo ni mume anambembeleza mkewe. Kila Jumamosi, kwa dakika tatu, nyumba yake ilikuwa na mtu anayeambiwa jambo zuri kwa sauti ya chini, na hilo lilimtosha.

Mwaka huu mchwa walitoboa kifuniko cha gramafoni yake moja kubwa. Akamwita fundi seremala, mzee mmoja wa Busunzu aliyeitwa Nsabimana, mtu wa maneno machache na penseli sikioni. Mzee alikaa barazani akipiga randa. Ndani, Hilali akaweka santuri yake kwenye ile gramafoni ndogo.

Randa ikanyamaza. Wimbo ulipokwisha, Nsabimana alikuwa amesimama mlangoni, maranda yamemjaa kwenye mikono ya shati.

"Daktari, hii huwa unaisikiliza kwa furaha?"

"Ni wimbo wa mapenzi, mzee."

Nsabimana akakung'uta maranda. "Rudisha mwanzo."

Hilali akabadilisha sindano, akarudisha. Mzee aliinama, sikio karibu liguse mashine, akawa anatafsiri kila mwimbaji anapopumua.

"Anasema: mimi Ntabaye wa Muyama. Wageni wenye mashine wamenifuata niwaimbie. Nimewaambia mtoto wangu mgonjwa, wamesema wimbo mmoja tu. Inanga, kimbia, nipate kurudi. Asteria mwili wake ni moto. Asteria hajatimiza miaka miwili. Asteria, nisubiri. Usilale, nisubiri."

"Halafu?"

"Hakuna halafu. Anasema nisubiri, nisubiri, mpaka mashine inamkata."

Mzee akarudi kwenye mbao zake. Jioni alipewa ujira wake, akaaga.

Jumamosi iliyofuata Hilali hakufungua dirisha. Alijaribu santuri nyingine, akazitoa kabla hazijafika katikati. Kilichomuuma zaidi ni ile mbio ya sauti. Miaka yote hiyo aliipenda mbio ile, akaiita mahaba, kumbe ni baba anayetaka kuachiliwa aende nyumbani. Alikaa na aibu yake peke yake, kwa maana hapakuwa na mtu wa kumwambia. Wiki ya tatu aliomba ruhusa ya siku mbili kazini, akaifunga santuri katikati ya kanga mbili, akapanda basi la Kasulu akiwa na gramafoni ndogo mapajani. Kutoka Kasulu akachukua bodaboda hadi Muyama.

Dukani walipoulizwa habari za ukoo wa Ntabaye walimwonyesha nyumba ya bati nyuma ya migomba. Mwenyewe alikuwa uani akipukuchua mahindi: Veronica, kitinda mimba wa Ntabaye, mwanamke mwembamba wa miaka kama sabini.

"Mwakeye," Hilali alisalimu kwa Kiha chake chote.

Mama yule akacheka, akamjibu, akamsogezea kigoda. Hilali akaeleza alikotoka na alichobeba. Veronica akatikisa kichwa.

"Umepotea, mwanangu. Data hakuwa mwimbaji." Data ndivyo Waha wanavyomwita baba. "Hata kanisani alifunga mdomo. Watoto tukiimba ndani, alitoka nje."

"Hakuwa na inanga?"

"Hakuwa nayo." Kisha mikono yake ikatulia juu ya gunzi. "Palikuwa na sinia moja la mti, lina meno huku na huku. Tulianikia maharage. Niliwahi kumuuliza mama yale meno ya nini, akanituma maji."

Hilali alifungua gramafoni juu ya kigoda, akazungusha mpini, akashusha sindano. Veronica alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kama mtu anayesikiliza watu wanaopita barabarani usiku. Jina la Ntabaye lilipotajwa hakutikisika. Lilipofika jina la mtoto, alishika mdomo.

Wimbo ukaisha, santuri ikaendelea kuzunguka ikikwaruza. Hilali akainua sindano.

"Mama alipokuwa anakata roho," Veronica alisema, "siku mbili nzima aliita, Asteria, Asteria. Sisi tukasema homa imempanda kichwani. Kaka yangu akasema ni jina la mtakatifu, anaomba msaada. Tukapiga magoti tukaitikia, utuombee." Alifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Kumbe alikuwa anamwita mtoto wake. Nasi tunaitikia, utuombee."

"Pole, mama."

"Weka tena."

Aliweka mara tatu. Mara ya tatu Veronica alinong'ona pamoja na baba yake, akikosea, akichelewa, akimfuata. Kisha akauliza, bila kumtazama Hilali, "Iko nyingine kama hii?"

"Sijawahi kuiona."

Alijua swali linalofuata, na alijua pia kwamba mama yule hataliuliza. Alisita kwa muda mrefu kuliko alivyopenda kukumbuka baadaye. Kisha akamwonyesha namna ya kuzungusha mpini bila kukaza springi kupita kiasi, namna ya kubadilisha sindano kila mara, na mahali pa kuweka santuri pasipopigwa na jua. Akamwachia makopo mawili ya sindano na namba yake ya simu. Veronica alishika mikono yake yote miwili, akamshukuru kwa Kiha kirefu asichokielewa, akaibeba gramafoni ndani na kufunga mlango. Hilali akabaki uani na kanga zake mbili. Kwa nyuma ya mlango alisikia kutatarika kukianza upya. Hakuambiwa abaki, wala hakuona sababu ya kuambiwa.

Baada ya mwezi akapigiwa simu na mpwa wa Veronica. Ukoo ulikuwa umeomba misa ya Asteria, na shangazi yake alisema daktari asikose. Hilali akaenda. Hakuwa Mkristo, alikaa benchi la mwisho, akisimama wengine wakisimama. Baada ya misa watu walikwenda kwenye migomba kusimika msalaba wenye jina moja tu, mahali popote, kwa kuwa kaburi lenyewe hakuna aliyelijua. Gramafoni haikutolewa nje. Wajukuu na majirani walimzunguka Veronica wakimpa pole ya msiba wa miaka sabini na zaidi. Aliona kichwa cha Hilali kwa mbali, akainua mkono. Hilali naye akainua wake. Chakula kilipoanza kupakuliwa, alikwisha kuondoka.

Kasulu alikuta gari la Kibondo halijajaa. Mama mmoja wa Kikongo aliyeuza mahindi ya kuchoma alimtazama nguo zake nyeusi.

"Unatoka wapi, papa?" alimwita baba kwa desturi ya kwao.

"Msibani."

"Nani amekufa?"

"Mtoto. Msichana."

"Oh, papa. Alikuwa na miaka ngapi?"

Hilali alifikiri aeleze mambo ya santuri, ya inanga, ya wageni wenye mashine. Ingechukua muda, na kondakta alikuwa akiita abiria.

"Hajatimiza miwili," alisema.

Yule mama akaacha kupepea makaa. Akamchagulia hindi kubwa, akalifunga kwenye ganda lake, akamwekea mkononi na kuushika mkono huo. "Pole sana, papa. Mungu atakufariji."

"Asante," Hilali alisema, kisha akapanda gari, akakaa dirishani na hindi likiwa bado la moto mkononi.