Wimbo wa Sista Milena

Edah alianika shuka ya mwisho, akajipangusa mikono, akaomba ruhusa ya kwenda mjini. Memsabu, mwajiri wake wa kizungu, alitazama saa.

"Nenda. Lakini nguo za pasi zitakungoja."

Alitembea upesi hadi Kitale. Mwaka huo wa 1953, wakati wa hali ya hatari, vijana hawakuruhusiwa kukusanyika, hata kwa kuimba, bila karatasi ya serikali. Wenzake tisa, vibarua wa mashamba walioimba naye kanisani kila Jumapili, walikuwa wamemtuma yeye, kwa kuwa ndiye aliyewaongoza. Walialikwa Bungoma, kwenye sikukuu ya Bikira Maria.

Ofisini alipanga foleni juani mpaka viatu vya raba vikamchoma nyayo. Karani, jina lake Kipruto, alipokea orodha ya nyimbo, akasoma akishuka kwa kidole. Kidole kikasimama.

"Hii ya mwisho ni lugha gani?"

"Ya kwao Sista Milena, bwana karani. Yule nesi wa misheni ya Bungoma. Alitoka Slovenia, huko Ulaya."

Mwaka uliotangulia Edah aliugua homa ya matumbo. Sista Milena alimuuguza siku kumi na moja, akimlisha uji kwa kijiko kama mtoto. Alipopata nafuu, Sista alimfundisha wimbo huo, mstari kwa mstari, kutoka kwenye barua ya kaka yake. Kaka huyo aliongoza vijana wa kanisa kuimba, mpaka serikali ya kisoshalisti ilipovunja kundi lao na kumtia yeye gerezani kwa ajili ya wimbo huo. Edah hakuwa na zawadi nyingine ya kumshukuru Sista ila kumrudishia wimbo wake.

Kipruto aliingia ofisi ya ndani, kwa mkuu wake. Alitoka amekunja uso.

"Bwana mkubwa anasema huko wanatawala wasoshalisti. Ati mnataka kutuletea siasa ya Wakomunisti."

"Lakini si hao ndio walikataza huu wimbo? Kaka yake Sista alifungwa juu yake!"

"Basi kama hata wao walikataza, sisi tutaruhusu namna gani?"

Kipruto aligonga muhuri: Waafrika kumi, bila ngoma, bila maneno ya lugha hiyo, na askari awepo. Edah alisema asante, maana karatasi ilipatikana, akarudi kupiga pasi mpaka makaa yakaisha.

Siku ya sikukuu lori la misheni liliwashusha Bungoma wamejaa vumbi hadi kwenye nyusi. Misa ilipokwisha, waliimba kwa Kiswahili na Kilatini, na akina mama wakapiga vigelegele. Askari, mtu mrefu aliyeitwa Adow, alikaa karibu na mlango, karatasi mkononi.

Kisha Edah aliwageukia wenzake, akafumba midomo, akainua mkono.

Wakaanza kuuimba ule wimbo wa mwisho kwa mvumo wa midomo iliyofumbwa, bila neno hata moja. Kwenye benchi la mbele Sista Milena aliinua kichwa. Alisimama, akaanza kuimba maneno mwenyewe, polepole, machozi yakimtiririka, na vijana kumi wakamsindikiza kwa mvumo wao wa chini.

Adow naye alisimama. Alitazama karatasi, akamtazama Sista. Karatasi ilitaja Waafrika kumi, mzungu hakutajwa. Akangoja mpaka mwisho.

Nje, Sista alimkumbatia Edah. "Umenifikisha nyumbani, mwanangu. Mungu akulipe."

"Wewe ndiye ulinirudisha duniani, Sista."

Adow alikuja na daftari. Hakuonekana kufurahia kazi yake.

"Dada, nimeambiwa niandike. Kama ule wimbo wa kigeni umesikika, majina yote ya waimbaji."

Wenzake wakatazamana. Mmoja alirudi nyuma hatua. Edah alipiga hatua mbele, na furaha ya asubuhi hiyo ilikuwa bado imemjaa kifuani.

"Andika Edah, binti Wabwile," alisema kwa sauti iliyofika hadi mlango wa kanisa. "Andika vizuri, tafadhali. Mimi ndiye nilianzisha."