Gari la Karo

Harufu iliingia sebuleni wageni hawajamaliza tende. Mohannad aliinuka akafunga dirisha, akamimina kahawa nyingine kwenye kikombe cha mzee Mori, ingawa kilikuwa bado kimejaa.

Mzee Mori na mkewe Keiko walikuwa wametoka Japani hadi mji wa Nizwa kuja kumwona Mohannad. Aliposoma huko alikaa nyumbani kwao mwaka mzima. Keiko ndiye aliyemwekea vitambaa vya maji baridi alipopatwa na homa. Mzee Mori ndiye aliyemfundisha kugeuza viatu vielekee mlangoni. Siku moja walimwuliza baba yake anafanya kazi gani. "Mhandisi wa maji," alijibu, na uongo ukamtoka kwa wepesi, kama salamu.

Kumbe Marzouq, baba yake, mzaliwa wa Tabora, alikuwa akiendesha gari la kunyonya makaro. Jana usiku Mohannad alimwomba asiwepo nyumbani.

"Nimekuelewa, baba," Marzouq alisema. Alizoea kumwita mwanawe hivyo, kwa mapenzi. Asubuhi akaondoka na lori lake, ingawa ilikuwa Ijumaa, siku ya mapumziko.

Sasa mama yake, Bi Fawziya, alimwita kando. "Karo limefurika, maji yameingia jikoni. Nimempigia baba yako."

"Mama! Si ungeita mwingine?"

"Mwingine nani, Ijumaa hii?"

Lori lilirudi kinyumenyume hadi ukutani. Marzouq akashuka, akatoa salamu kwa Kiarabu bila kumtazama mwanawe. Aliinua mfuniko kwa mtaimbo, akateremsha bomba taratibu lisikwaruze kuta za karo, kisha akaweka kiganja juu ya bomba, apate kujua lini litaanza kuvuta hewa badala ya maji. Halafu akasuuza uwanja wote, mpaka kizingitini, ili wageni wasikanyage uchafu.

Wageni walikuwa wametoka nje, wamesimama kwenye ngazi za mlangoni, wanatazama.

"Ameacha chakula chake cha Ijumaa kwa ajili yetu," Keiko alisema kwa Kijapani. "Humkaribishi ale nasi?"

"Ana haraka," Mohannad alijibu. "Ni mtu wa kazi tu."

Marzouq hakujua Kijapani, lakini uso wa mwanawe aliujua. Alifuta jasho kwa bega.

"Khalas, ustadh," alimwambia. "Kazi imekwisha."

Ustadh! Baba alimwita bwana, kama mteja asiyemjua.

Mzee Mori aliinama pale ngazini kumwelekea Marzouq, akainama mno, akashukuru. Marzouq aliweka mkono kifuani, akageuka haraka kukunja bomba. Lilikuwa zito, pumzi zilimwishia katikati.

Mohannad akashika upande wa pili. Kanzu yake nyeupe ikalowa hadi magotini.

"Wacha, utachafuka," Marzouq alimnong'oneza kwa Kiswahili.

"Na nichafuke, baba."

Akawageukia wageni. Akasema kwa Kijapani: "Huyu ndiye baba yangu. Yule mhandisi… nilimzua."

Keiko aliziba mdomo kwa mkono. Mashine ya lori iliendelea kunguruma. Kisha mzee Mori akashuka kwenye ngazi, akamfuata Marzouq, akanyoosha mkono.

Marzouq alivua glovu moja, akautazama mkono wake, akauficha nyuma ya mgongo.

"Mwambie haujaoshwa."

Mohannad akatafsiri. Mzee Mori akabaki pale pale, mkono umenyooka, maji yakipita katikati ya viatu vyake.