Ukuta wa Zilpah

Mwaka ule wa mvua za El Nino, nyumba za udongo kule mlimani juu ya Kendu Bay zilikuwa zikiyeyuka kama sukari nguru. Edith, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, alipanga mambo yake vizuri mno. Aliwaalika wenzake kutoka Migori, akina mama wa Kikuria wasioogopa kazi, waje wamkandikie nyumba mjane Filister. Aliwaelekeza wapande kilima, wavuke kijito, wataona nyumba iliyobomoka ukuta. Yeye akabaki kwake kuwapikia uji.

Tatizo ni kwamba mwaka ule kila mtu alikuwa na nyumba iliyobomoka ukuta.

Mchana Edith alipanda kilima na ndoo ya uji kichwani, moyo mweupe, akiwazia jinsi mchungaji atakavyomtaja siku ya Sabato. Vigelegele alivisikia kutoka mbali. Lakini vilitoka upande wa kushoto, na upande wa kushoto hakukuwa na Filister. Kulikuwa na Zilpah.

Edith na Zilpah hawakuwa wakisalimiana. Zilpah aliwahi kusema, tena harusini, watu wakitafuna pilau, kwamba Edith akiimba mbwa hudhani wanaitwa. Edith aliapa kumsamehe, ila alikuwa bado anatafuta siku nzuri ya kuanza. Kwa hiyo kwenye kikao cha akina mama, mtu alipotaja kwamba ukuta wa Zilpah nao umeanguka na watoto wanalala wakilowa, mwenyekiti alijibu, "Zilpah ana mikono miwili," akafunga kikao kwa maombi.

Na sasa hao hapo! Wageni wamejaa udongo hadi kwenye nyusi, wanacheza, wanaimba Kikuria, wanabandika matope. Ukuta umesimama, mbichi na laini. Zilpah yuko katikati yao, analia na kucheka kwa pamoja, mkono mmoja umening'inizwa shingoni kwa leso.

"Mkono umefanya nini?" swali lilimtoka Edith kabla hajakumbuka kwamba hawasemezani.

"Umevunjika. Ukuta uliniangukia nikitoa watoto."

Edith alitamani ardhi immeze. Lakini Mellen, kiongozi wa wageni, mama mwenye mwili na sauti, alishamkumbatia na kumpaka matope mgongo mzima.

"Mwenyekiti! Huyu mama ametuambia yote. Nyinyi hamsalimiani, na bado wewe ndiye umetutuma kwake! Jamani, si huo ndio Ukristo? Toa ushuhuda!"

"Ushuhuda! Ushuhuda!" wakaitikia wote, na vigelegele juu.

Lo! Sifa ni tamu, hasa zikija bila kuitwa. Edith alisimamishwa juu ya jiwe, akakohoa kidogo. Angeweza kusema Bwana asifiwe, akashuka, na hadithi hiyo ingefika Migori kabla ya jua kuzama. Alifungua mdomo aseme hivyo hivyo. Akamwona binti mdogo wa Zilpah ameegemeza shavu kwenye ukuta mbichi, kama anayeuambia ukuta siri.

"Sikuwatuma hapa," Edith alisema. "Niliwatuma kwa Filister. Hapa nilisema Zilpah ana mikono miwili, na sikuja hata kuitazama. Nilijua watoto wanalowa. Nilijua." Akaangua kilio palepale juu ya jiwe.

Hakuna aliyejua pa kutazama. Ndipo Zilpah akasema, "Ngojeni. Hata mimi nina langu. Hawa mama walipita wakiuliza kwa mjane Filister ni wapi. Nikawaambia ndiye mimi."

"Yaye!" Edith alisahau kulia. "Na mume wako?"

"Yuko Awendo, anakata miwa. Lakini leo asubuhi nilimzika."

"Na sisi tukamwombea marehemu!" Mellen akapiga kelele.

"Mliomba vizuri sana, mama. Hata mimi nilikaribia kumlilia."

Walicheka wakashikana, wakaketi kwenye matope, Mellen akagaagaa. Edith alicheka mpaka akapata kwikwi.

Kisha mmoja akauliza, "Na Filister mwenyewe?"

Ilikuwa mbio! Ndoo za udongo vichwani, uji ukaachwa, wote wakateremka na kuvuka kijito wakipiga mayowe ya furaha. Walimkuta Filister mlangoni na nguo yake ya Sabato, amengoja tangu asubuhi, ameshakata tamaa. Wakamrukia, yeye na ukuta wake.

Edith na Zilpah walijikuta bega kwa bega kwenye ukuta, mikono mitatu kazini.

"Ungejua mkono umevunjika," Zilpah aliuliza, "ungewatuma kwangu?"

Edith alitaka sana kusema ndiyo.

"Sijui," alisema. "Lakini kesho nitakuja kukuchotea maji."

"Na bado sijakuomba msamaha?"

"Hata usiponiomba, nitakuja."

Zilpah alibandika udongo wake, akaupapasa polepole kwa kiganja.

"Basi uje mapema," alisema. "Watoto huamka na kiu."